SOMO LA ROBO HII: KOMPYUTA YA USHARIKA IMEKUWA NZITO, TUFANYEJE?



Katika ziara zetu za sharika za Wilaya za Tarime na Serengeti tumekutana na kilio kimoja: "Kompyuta imezeeka, tuombe wafadhili watupe nyingine." Mara nyingi tatizo liko kwenye diski kuu, ambayo wengi huiita hadi diski, nalo laweza kupunguzwa bila gharama kubwa.

Ndani ya diski hii kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma. Diski ikikaribia kujaa, faili moja huandikwa vipande vipande panapopatikana nafasi. Ni sawa na katibu anayeandika muhtasari wa kikao kimoja katika madaftari matano. Kuusoma ni kufunuafunua tu.

Tufuate utaratibu huu:

1. Nakilini kwanza. Kumbukumbu za ubatizo, hesabu za vikundi na taarifa za miradi ziwekwe kwenye diski ya nje, itunzwe jengo jingine. Usharika mmoja uliruka hatua hii. Umeme ukakatika kazi ikiendelea, na diski haikuwaka tena. Marejesho ya mikopo ya kikundi cha akina mama yalikusanywa upya nyumba kwa nyumba.

2. Punguzeni mzigo. Hamisheni video na picha za sherehe, ondoeni programu zisizotumika, safisheni virusi. Acheni wazi walau asilimia 15 ya diski.

3. Pangeni vipande. Windows ina programu ya kazi hiyo, inayoitwa difragi. Ifanyike penye umeme wa uhakika. Diski za SSD hazina sahani inayozunguka. Hizo msizifanyie difragi, kwani huzichakaza bila faida.

4. Diski ikianza kugongagonga, zimeni kompyuta na kuipeleka kwa fundi.

Baada ya hayo, kama bado ni nzito, fikirieni kubadili diski na kuweka SSD. Kompyuta nyingi za zamani huchangamka sana, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko ya kompyuta mpya.

Kwa wafadhili wetu: huu ndio utunzaji wa mlivyotoa. Kwa kamati: kabla ya kuandika barua ya maombi, wekeni kwenye ajenda swali hili: nani ananakili kumbukumbu zetu, na siku gani?