Kole ya karo: simenti inahitaji kutunziwa maji yake



Karo za besini ya kahawa zikibanduka, mabaki yanaoza chini yake, na kahawa inayofuata inaharibika harufu. Watu wanasema simenti ni mbaya. Mara nyingi imekosa maji tu. Simenti haikauki kama nguo: inaungana na maji ndiyo inakuwa ngumu. Ukuta mukavu unayakunywa mbele simenti ishike.

Ndiyo maana kole ya karo ya mufuko inatiwa unga wa selilozi. Selilozi ndiyo inajenga mwili wa kila mumea. Ya kiwanda inatoka mu miti ao pamba, inageuzwa kwa dawa ili iyeyuke. Inashika maji, na inafanya kole inate, karo isiteremke. Kidogo kinatosha: gramu 3 hivi kwa kilo moja, ni kusema gramu 75 mu mufuko wa kilo 25. Ikizidi, kole inachelewa kuwa ngumu. Basi musiongeze yenu.

Namna ya kutumia:

1. Toa vumbi na mafuta ku ukuta.
2. Tia maji kadiri ya maandishi ya mufuko. Koroga, ngojea dakika 5, koroga tena.
3. Paka eneo dogo kwa mwiko wa meno. Gusa: kole isiposhika kidole, ikwangue, paka ingine.
4. Ikianza kuwa ngumu mu ndoo, musiongeze maji. Itupwe.

Unga wa muhogo haushike nafasi ya selilozi: unaoza.