SOMO LA ROBO HII: KUULIZA MAANA YA NENO KAZINI



Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu, somo hili linawahusu vijana wa Mnyuzi na mitaa jirani wanaokwenda kutafuta kazi katika hoteli za Zanzibar, ambako hupokelewa wageni wengi Waitalia. Lengo ni moja: kijana aulize maana ya neno kabla ya kutenda au kutia sahihi.

Kwa nini somo hili
Katika mashamba ya mkonge, vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali waliitwa manamba. Leo watoto wetu ndio wanaosafiri kufuata mikataba. Mkataba usioeleweka humfunga mtu asijue amefungwa wapi.

Neno la Mungu
Someni Matendo 8:26-40. Towashi wa Kushi alikuwa msimamizi wa hazina ya malkia, lakini hakuona aibu kumwambia Filipo kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Kuuliza hakukumshusha cheo, kulimfungulia njia.

Maneno yanayopotosha
- *Quanto pesa?* Hapa mgeni haulizi bei. Anauliza mzigo una uzito gani.
- *Caldo* ni moto. Anayejua Kiingereza hudhani ni baridi.
- *Camera* ni chumba. Kamera ya picha huitwa *macchina fotografica*.
- *Lordo* ni mshahara kabla ya makato. *Netto* ni unaobaki mkononi. Asiyeuliza tofauti hii hupanga matumizi ya fedha asizozipata.
- *Periodo di prova* ni kipindi cha majaribio.

Namna ya kuuliza
1. Kiri kwa adabu: *Scusi, non ho capito* (skuzi, non o kapito), yaani samahani, sijaelewa.
2. Taja neno lenyewe: *Che cosa significa "lordo"?* (ke koza sinyifika), yaani "lordo" maana yake nini?
3. Rudia ulivyoelewa: *Cioè, acqua calda?* (choe, akwa kalda), yaani, maji ya moto?

Hatua ya tatu ndiyo muhimu zaidi. Kusema "ndiyo" hakuonyeshi kwamba mtu ameelewa. *Scusi* ni ya heshima, kwa mkubwa au mgeni. Kwa rafiki husemwa *scusa*. Kijana aliyelelewa kutoa shikamoo ataielewa tofauti hiyo upesi.

Haki yake
Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri kuhakikisha kwamba mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna anayoielewa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005. Kwa hiyo kuuliza si ukaidi.

Kazi kwa kamati
Kabla kijana hajasafiri, kaeni naye pamoja na wazazi wake msome mkataba neno kwa neno. Lisiloeleweka lipigiwe mstari, naye aende na swali lake limeandikwa. Wafadhili wetu, gharama ya zoezi hili ni daftari, kalamu na jioni moja. Faida yake ni mshahara wa mtu.

Maswali ya majadiliano
1. Ni neno gani katika taarifa zetu za miradi tunalolitumia bila wote kulielewa?
2. Je, katika vikao vyetu anayeuliza huheshimiwa au huchekwa?
3. Nani katika usharika wetu atawasaidia vijana kusoma mikataba?

Bwana awabariki.