Breki Inapozama: Kutafuta Mahali Oili Inapovuja

Kikundi kikinunua pikapu ya zamani, hesabu hufanywa ya tairi, insuarensi na petroli. Breki hukumbukwa siku ambayo hazishiki. Na sisi wa Nyansiongo hatukai kwenye uwanda. Ukitoka Keroka kuteremka kwenda Kisii na magunia ya mahindi nyuma, hapo si mahali pa kugundua kwamba pedali imefika chini. Somo hili ni la dereva, lakini mwenyekiti na mweka hazina pia walisome, maana wao ndio wanaotoa pesa ya spea.

Kwanza tuelewe kazi inavyofanyika. Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma oili ya breki ndani ya paipu nyembamba za chuma, halafu hosi za mpira, mpaka kwenye magurudumu. Pikapu nyingi za zamani zina diski mbele na dramu nyuma. Zile za kale zaidi zina dramu pande zote. Ndani ya dramu kuna silinda ndogo inayotanua breki shuu. Oili haibanwi ikapungua, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika yote. Hewa inabanwa. Ndiyo sababu hewa kidogo tu ikiingia, pedali inakuwa laini kama sponji.

Magari ya zamani sana yana mfumo mmoja tu wa paipu: ikipasuka moja, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mara moja. Yaliyofuata yana mifumo miwili, ili mmoja ukivuja nusu ya breki ibaki. Dereva ataona pedali inakwenda mbali kuliko kawaida na gari linachelewa kusimama. Wengine huzoea hali hiyo wakaendelea kubeba watu. Hiyo nusu iliyobaki ni ya kukufikisha kando ya barabara tu.

Sasa neno juu ya hili jina “oili ya breki”, kwa sababu limeharibia watu magari. Si oili kama ile ya ingini. Ukimimina oili ya ingini au ya gea kwenye chombo cha breki, raba zote ndani ya silinda zinavimba na kulainika. Utaona breki zinashikilia zenyewe, baadaye zinavuja kila mahali. Dawa yake si kumwaga na kujaza upya tu. Raba zote zibadilishwe, hosi pia, na paipu zisafishwe. Wapo pia wanaoongeza maji ya sabuni wakiwa safarini. Maji yanachemka kwa joto la digrii 100, na hapa kwetu juu mlimani hata chini kidogo ya hapo. Oili mpya ya breki iliyoandikwa DOT 3 haipaswi kuchemka kabla ya digrii 205, na DOT 4 kabla ya 230. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Basi katikati ya mteremko pedali inazama. Oili hii pia hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo mkebe uliokaa wazi stoo tangu mwaka jana usiutumie. Nunua mkebe mdogo uliofungwa.

Kabla ya kutafuta mvujo, sikiliza mguu wako. Kanyaga gari likiwa limesimama, kwa nguvu ile ile, uhesabu mpaka 60.

Kama pedali inazama polepole, oili inatoka mahali, au inapita pembeni ya raba ndani ya masta silinda. Kama ni laini lakini inapanda ukiipiga mara mbili tatu, fikiria hewa. Kama iko chini lakini baada ya kupigapiga inakuwa juu na ngumu, mara nyingi breki shuu za nyuma zimelika au zimelegea, zinataka kurekebishwa. Kama ni ngumu kama jiwe na gari halisimami, angalia servo, lile tanki la duara nyuma ya masta silinda. Kuipima ni rahisi: ingini ikiwa imezimwa, piga pedali mara tano, ishikilie, halafu uwashe ingini. Pedali ikishuka kidogo, servo ni nzima. Isiposhuka, inaweza kuwa ni ile hosi yake ya upepo tu imepasuka, na hiyo si ghali kama servo yenyewe.

Gari likivutwa upande mmoja ukifunga breki, gusa magurudumu baada ya safari fupi, kwa uangalifu usije ukaungua. Lililo moto kuliko mwenzake limeshikilia. Lililo baridi halifanyi kazi.

Sasa tutafute mvujo. Weka gari mahali tambarare, mawe kwenye magurudumu, na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Futa vumbi na matope kwenye paipu na upande wa ndani wa kila gurudumu. Tandika gazeti au katoni chini, mtu mmoja akanyage pedali mara kadhaa, kisha liache gari lilale hapo. Asubuhi, doa likiwa chini ya gurudumu, umepata upande. Hujui kama ni oili ya breki au ya ingini? Chukua tone uliweke kwenye kikombe cha maji. Oili ya ingini inaelea juu. Ya breki inachanganyika na maji. Na usiiache ikagusa rangi ya gari, inaibandua. Ikimwagika, mwagia maji mengi.

Kwenye dramu, inua kifuniko cha raba cha ile silinda ndogo. Ukikuta maji maji ndani yake, silinda inavuja hata kama bado haijadondosha chini. Ondoa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa mdomo, kwa maana breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo linaharibu mapafu. Shuu iliyolowa oili haioshwi kwa petroli ikapona. Badilisha, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli.

Hosi za mpira zikunje kidogo kwa mkono uone kama zina nyufa. Paipu za chuma ziangalie pale zinaposhikwa na klipu, kwani matope ya barabara zetu hukaa hapo na kutu hula kwa siri.

Mvujo unaosumbua watu zaidi ni ule usioonekana. Chombo kinapungua, chini pakavu, magurudumu makavu. Angalia nyuma ya masta silinda. Ikivuja hapo, oili inaingia ndani ya servo, na wakati mwingine inavutwa mpaka kwenye ingini na kutoa moshi mweupe. Fungua nati mbili za masta silinda, ivute mbele kidogo, utaona kama nyuma pamelowa. Lakini kama chombo hakipungui na pedali bado inazama, basi raba za ndani zimekwisha. Kumbuka pia kwamba diski pedi zikilika, chombo hushuka kidogo kwa miezi mingi. Hilo ni la kawaida.

Kuna fundi atakayekwambia aikunje na kuiziba paipu ya gurudumu linalovuja ili mwende na matatu. Mkatalie. Gari la hivyo likifunga breki kwenye murram yenye mvua hugeuka.

Baada ya kutengeneza, hewa itolewe. Kwa magari mengi anza na gurudumu la mbali na masta silinda. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo ni la nyuma kushoto. Mmoja anakanyaga polepole na kushikilia, mwingine anafungua nipo, anaifunga, ndipo wa kwanza anaachilia. Kwenye masta silinda ya zamani weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho, kwa sababu raba hukatwa na kutu ya sehemu isiyotumika. Chombo kisiishe oili, na iliyotoka isirudishwe.

Wekeni daftari ndani ya gari. Kila mara oili ikiongezwa, tarehe na kiasi viandikwe. Dereva akisema leo gari haliendi kwa sababu ya breki, neno lake liwe la mwisho, hata kama mwenyekiti ana abiria wanaongoja na soko linafungwa.

Maswali ya kuzungumzia kwenye kikundi:

Oili ya gari letu imeongezwa mara ngapi tangu mwaka huu uanze, na nani aliandika?

Dereva wetu akikataa safari, atalipwa siku hiyo au la?

Tukitoa gari gereji, nani atakanyaga pedali mpaka 60 kabla ya kulipa?