Kamba za ndani ya selile na mlango wa Ebola



Ebola ilipofika huku Butembo mwaka wa 2018 tulikuwa wadogo, lakini maji ya klore mulangoni tunayakumbuka. Wengi walisema ni ugonjwa wa kubuniwa. Basi sisi wa mwaka wa sita tunaonyesha pale inapoingilia.

Selile ina vifuko vingi ndani, kila kimoja na utando wake. Haviungani ovyo. Kwanza kundi la protini sita, jina lake HOPS, linashika kifuko huku na lizosomu kule, kama kamba inayovuta mtumbwi kando pale Kyavinyonge. Ndipo protini zingine, SNARE, zinasokotana kama nywele za suke, tando zinabanana mpaka zinakuwa moja. Hivyo selile inayeyusha chakula na takataka zake kila siku.

Virusi ya Ebola inapita njia ile ile. Selile inaimeza yenyewe (ujinga gani!), inaifikisha penye protini NPC1. Virusi inashika hapo, utando wake unaungana na ule wa kifuko, urithi wake unamwagika ndani. Mwaka wa 2011 wataalamu waliona kwamba selile isiyo na HOPS ao NPC1 karibu haiambukizwi: virusi inabaki imefungwa kifukoni.

Dawa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka wa 1995, inaziba pale pale pa kushikia NPC1. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa Beni, halafu Butembo pia. Waliowahi kituoni walipona wengi zaidi. Kwa waliochelewa, virusi ilikuwa imekwisha kumwagika katika selile nyingi.