Kuwinda kulungu mashambani Kentucky: mwongozo wa wiki za kwanza za msimu

Jimbo la Kentucky, Marekani, hufungua msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mapema kuliko majimbo mengi yanayopakana nalo. Msimu huo huendelea hadi Jumatatu ya tatu ya Januari. Louisville, Lexington na Bowling Green zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, na kulungu mmoja aliyetunzwa vizuri hutosha kitoweo cha miezi. Lakini Septemba huko bado ni joto, mimea imesimama shambani na majani ya msituni hayajapukutika. Anayefuata kalenda peke yake hurudi mikono mitupu. Anayefanikiwa hufuatilia shamba: limepandwa nini, mimea imefikia wapi, na mkulima atavuna lini.

Vibali kwanza

Unahitaji leseni ya uwindaji na kibali cha kulungu kutoka Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo. Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Machi, kwa hiyo leseni uliyokuwa nayo Februari haikufai tena Septemba. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye lazima awe amepata cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mkazi anayewinda kwenye shamba lake mwenyewe hahitaji kununua leseni, ila sheria nyingine zote zinamhusu.

Kila mwindaji anaruhusiwa dume mmoja tu mwenye pembe kwa mwaka wa leseni. Idadi ya majike hutegemea kaunti, kwa hiyo angalia ramani ya kanda kabla ya kutoka nyumbani. Wiki mbili za kwanza ni za upinde wa kawaida. Upinde wa kifyatuo huruhusiwa kuanzia Jumamosi ya tatu ya Septemba, na msimu mkuu wa bunduki huja Novemba. Kama hali yako ya uhamiaji bado inashughulikiwa, muulize wakili kabla ya kushika bunduki, hata ya kuazima.

Kubisha hodi kwa mkulima

Sehemu kubwa ya ardhi ya Kentucky ni ya watu binafsi, na huwezi kuingia kuwinda bila ruhusa ya mwenyewe au ya anayeisimamia. Sheria inakubali ruhusa ya mdomo, lakini karatasi yenye saini huondoa ubishi.

Nenda Julai au Agosti, mchana, kabla ya pilikapilika za mavuno. Usiende na gari lililojaa watu, wala usishuke na upinde mkononi. Jitambulishe, eleza gari lako ni lipi na ungependa kuja siku zipi. Uliza kama kuna wawindaji wengine na ng'ombe wako upande gani. Kisha muulize kulungu wanamharibia mazao wapi. Mkulima anayepoteza soya kila mwaka huwaona wanyama hao akiwa juu ya trekta, na jibu lake litakuokolea majuma ya kutafuta.

Ruhusa uliyopewa ni yako peke yako. Usimlete binamu bila kuuliza. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, usipitishe gari juu ya mazao, na usikate tawi la mtu bila idhini.

Soma shamba

Anza na soya. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, majani yake yakiwa bado mabichi, kulungu hutoka msituni jioni kuja kuyala. Wakati huu madume hutembea pamoja bila ugomvi, na wengi ndio kwanza wanavua ile ngozi laini iliyofunika pembe. Mchana hulala kivulini, jioni huingia shambani, alfajiri hurudi. Kaa mbali na darubini jioni mbili tatu, uone wanatokea kona ipi.

Ratiba hiyo haidumu. Majani ya soya yakianza kuwa njano, kulungu huyaacha, na shamba lililojaa wiki jana hubaki tupu. Mara nyingi hawajaenda mbali. Mwaloni mweupe huanza kudondosha mbegu zake Septemba, na kulungu huzipenda kuliko karibu kila chakula kingine. Watafute kwenye miti iliyo jirani na shamba. Alfalfa na klova hubaki kijani, hasa zikichipua upya baada ya kukatwa. Mahindi yaliyosimama huwapa chakula na maficho, na yakishavunwa, punje zilizobaki chini huwavuta. Ndiyo maana inafaa kumpigia mkulima simu kila wiki na kumuuliza mashine inaingia wapi.

Upepo na ulingo

Kulungu huamini pua kuliko macho. Weka ulingo mahali ambapo upepo unatoka wanakotokea wao kuja kwako. Jioni hewa inapopoa hutelemka bondeni na kubeba harufu yako, hivyo ulingo ulio juu ya mteremko unaweza kukusaliti hata siku isiyo na upepo. Upepo ukigeuka, rudi nyumbani. Kona nzuri ikishanukishwa, huharibika kwa siku nyingi.

Wiki hizi jioni ni bora kuliko asubuhi. Ukienda gizani kabla ya mapambazuko, utawakuta tayari wako shambani na utawatimua. Saa halali ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama.

Kwenye ulingo wa mtini, funga mkanda wa usalama kabla ya kuanza kupanda na usiufungue mpaka urudi chini. Upinde uvute kwa kamba ukishakaa. Kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji wa kulungu. Kupe nao ni wengi: nyunyizia nguo dawa ya permethrini mapema, ziache zikauke, na jikague mwili mzima ukirudi. Kupe mmoja wa huko, mwenye doa jeupe mgongoni, anaweza kusababisha mzio wa nyama nyekundu.

Mshale

Kentucky inataka chembe ya mshale iwe na upana usiopungua inchi 7/8, yaani kama sentimita 2.2. Anayeanza asijaribu zaidi ya mita 20 hivi. Subiri mnyama akupe ubavu, au awe amegeuka kidogo, kichwa kikielekea mbali nawe, kisha lenga nyuma ya bega ili mshale upite mapafu yote mawili. Akikutazama uso kwa uso, usipige. Mwislamu ataje jina la Mwenyezi Mungu anapoachia mshale, na akimkuta mnyama yu hai amchinje.

Usikimbilie kushuka. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu: ngoja nusu saa, ufuate. Damu nzito nyeusi huashiria ini, na majimaji ya kijani yenye harufu mbaya ni ya tumbo. Hapo ngoja kwa saa kadhaa, maana mnyama anayesukumwa hukimbia mbali. Nyayo zikivuka mpaka, omba ruhusa kwa jirani kwanza.

Nyama kwenye joto

Barafu na sanduku la kuhifadhia baridi viwe garini kabla hujapanda ulingoni. Kabla ya kumsogeza mnyama, andika kwenye kumbukumbu yako aina, jinsia, tarehe na kaunti. Kisha mtoe matumbo papo hapo bila kutoboa utumbo, mchune mapema, na uishushe nyama chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Barafu iliyofungwa mifukoni ikae ndani ya kifua na kati ya mapaja, ambako joto hukaa zaidi. Toa taarifa kwa idara kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo.

Ugonjwa wa kudhoofika kwa kulungu, unaoharibu ubongo, uligunduliwa Kentucky kwa mara ya kwanza Desemba 2023, katika kaunti ya Ballard. Katika kaunti zinazochunguzwa, kuweka chambo na kuhamisha mizoga kuna masharti maalumu. Idara hupokea vichwa kwa ajili ya vipimo. Usile nyama ya mnyama aliyekutwa na ugonjwa huo, na kwa mnyama yeyote yule acha ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi.

Nyama hii hairuhusiwi kuuzwa, hata kwa jirani. Igawe bure, na fungu la kwanza mpelekee mwenye shamba.