SOMO LA TISA: WEREVU, UJANJA NA HILA – MAANA, ASILI NA UPATANISHO

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili, mwalimu mwanafunzi ataweza:
(a) kupambanua maana za maneno werevu, ujanja, hila, akili na busara;
(b) kueleza uhusiano uliopo kati ya asili ya neno, umbo lake na matumizi yake;
(c) kutumia upatanisho sahihi wa kisarufi kwa maneno hayo;
(d) kuchagua neno linalofaa anapotoa maoni juu ya mwanafunzi.

1. Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha mjini Muyinga, mwalimu mwanafunzi wetu mmoja aliandika maneno haya katika karatasi ya matokeo ya mtoto wa darasa la tano: "Mtoto huyu ana ujanja mwingi." Alikusudia kumsifu, kwa kuwa mtoto alikuwa mwepesi wa kufahamu na hodari wa hesabu. Siku ya pili mzazi alifika shuleni, karatasi mkononi. Alikuwa ameishi Tanzania miaka mingi kabla ya kurejea nchini, na Kiswahili alikijua vizuri. Alisalimu kwa adabu, kisha akauliza: "Mwalimu, mwanangu ameiba nini?"

Kisa hiki si cha kuchekwa. Mwalimu hakukosea upatanisho hata mmoja, kwani "ujanja mwingi" ni sahihi kisarufi. Alikosea katika uteuzi wa neno, na neno hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa penye jina la mtoto. Ndiyo maana tunaliweka suala hili katika kitabu cha sarufi. Mwalimu anayejua ngeli bila kujua uzito wa maneno anaweza kuandika sentensi isiyo na kosa na bado akamdhulumu mwanafunzi.

2. Chanzo cha kosa: neno "ubwenge"

Mwanafunzi wetu alifikiri kwa Kirundi. Neno "ubwenge" hubeba maana pana sana. Mzee wa ubushingantahe anayesuluhisha ugomvi kwa maneno machache husifiwa kuwa ana ubwenge, na mtoto anayefahamu hesabu upesi huambiwa vivyo hivyo. Hata Samandari wa ngano zetu, anayejinasua kwa jibu la haraka mbele ya wakubwa, hutajwa kwa neno hilo hilo. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ethel Albert, aliyefanya utafiti nchini Burundi katika miaka ya 1950, alilijadili neno hili katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu usemi wa Warundi. Alionyesha kwamba linajumuisha ujuzi wa mganga na hekima ya mzee, na pia mbinu za laghai aliyefanikiwa.

Kwa hiyo, katika Kirundi, msikilizaji hutambua sifa au lawama kutokana na muktadha. Kiswahili kina desturi nyingine: kimeigawa maana hiyo katika maneno kadhaa, na kila neno limekwisha kubeba sehemu ya hukumu. Linganisha sentensi hizi tatu:

(1) Aliipata kazi hiyo kwa werevu.
(2) Aliipata kazi hiyo kwa ujanja.
(3) Aliipata kazi hiyo kwa hila.

Tendo ni moja. Katika (1) tunasifu wepesi wa akili yake. Katika (2) tunashuku kwamba alipita njia ya mkato, ingawa huenda tunatabasamu. Katika (3) tunasema wazi kwamba kuna mtu aliyedanganywa au aliyedhurumiwa haki yake.

Tusisahau kwamba ujanja una pande mbili. Sungura wa hadithi ni mjanja, na watoto humpenda kwa sababu hiyo. Mshambuliaji wa kandanda anayewapita mabeki huitwa mjanja, na hapo neno ni sifa tupu. Lakini sifa hiyo hukaa vyema pale ambapo kuzidiana akili ni sehemu ya mchezo. Katika karatasi ya matokeo, ambapo mtoto anapimwa uaminifu pamoja na bidii, msomaji huona upande wa pili kwanza.

3. Asili ya maneno

Walimu wanafunzi huuliza mara kwa mara: je, tukijua asili ya neno, si tutakuwa tumejua maana yake? Tuangalie mifano.

Waingereza wana neno la kila siku, savvy, wanalolitumia kwa mtu anayejua mambo na asiyedanganyika kirahisi. Lilitokana na "sabe" ya Kihispania au Kireno, yaani "anajua", lililoenea katika lugha za mawasiliano za mabaharia na wafanyabiashara. "Sabe" nayo ilitoka katika kitenzi cha Kilatini "sapere", ambacho maana yake ni kuonja, kisha kuwa na busara. Sisi tuliosoma Kifaransa tunao ndugu wa neno hilo: "savoir", kujua, na "saveur", ladha. Anayejua mambo, kwa asili ya maneno haya, ni yule aliyeyaonja.

Kiswahili kilikopa maneno kadhaa ya uwanja huu kutoka Kiarabu:

Akili: limetokana na "aql". Mzizi wake unahusiana na kumfunga ngamia mguu asitangetange. Akili ni kizuizi kinachomtuliza mtu.

Busara: mzizi wake unahusiana na kuona. Mwenye busara ni mwenye kuona mbali.

Hekima: ni la ukoo mmoja na hukumu, hakimu na mahakama.

Hila: mzizi wake unahusiana na kugeuka na kubadilika. Katika Kiarabu neno hili laweza kuwa na maana ya njia au mbinu tu, isiyo na ubaya. Katika Kiswahili limeegemea zaidi upande wa udanganyifu.

Mfano wa hila unatupa jibu la swali letu. Asili hutueleza neno lilikoanzia safari, lakini maana ya leo hutokana na jinsi wasemaji wanavyolitumia. Mzazi wa Muyinga hakuhitaji kamusi ya asili za maneno. Alisoma "ujanja" kama alivyozoea kulisikia.

4. Umbo na upatanisho

4.1 Mzizi -erevu

Mzizi huu hupokea viambishi vya ngeli, na sauti hubadilika kama ifuatavyo:

mu- + -erevu → mwerevu (mtu mmoja)
wa- + -erevu → werevu (watu wengi)
u- + -erevu → werevu (sifa yenyewe)

Katika mstari wa pili, irabu a na e zimeungana kuwa e. Katika mstari wa tatu, u imegeuka kuwa w mbele ya irabu. Kanuni ni mbili tofauti, lakini zao lake ni umbo moja. Hali hii huonekana pia katika wema (wa- + -ema, u- + -ema) na wepesi (wa- + -epesi, u- + -epesi). Kinachotuonyesha maana ni kiambishi cha kitenzi:

(4) Werevu wa Gitega wanasifiwa. (watu)
(5) Werevu wa Gitega unasifiwa. (sifa)

Katika (4) na (5) kiunganishi "wa" hakitusaidii, kwani ngeli zote mbili hutumia "wa". Vivyo hivyo, tunasema "werevu wao ni mkubwa" tukikusudia sifa, na "werevu wao ni wakubwa" tukikusudia watu.

Mzizi -janja hauna utata huu kwa sababu unaanza kwa konsonanti: mjanja, wajanja, ujanja.

4.2 Vitenzi

Mzizi -erevu una vitenzi vyake: erevuka (kuwa mwerevu, kufumbuka macho) na erevusha (kumfanya mwingine awe mwerevu). Methali hulitumia umbo la kwanza: Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Kutoka -janja tunapata janjaruka. Kazi ya mwalimu ni kuerevusha.

4.3 Maneno ya mkopo

Akili, busara, hekima na hila ni nomino za ngeli ya I-/ZI-: akili yangu, akili zangu, hila yake, hila zake. Hapa msemaji wa Kirundi awe mwangalifu. "Ubwenge" ni nomino yenye kiambishi ubu-, inayolingana na ngeli ya U- ya Kiswahili. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi husema *"akili wangu", wakifuata ngeli ya neno la Kirundi wanalolifikiria.

Vivumishi vingi vya mkopo, kama hodari na stadi, havipokei kiambishi: mtoto hodari, watoto hodari; fundi stadi, mafundi stadi. Hatusemi *mhodari wala *wahodari.

Zingatia

Mwanafunzi wa Gitega, ambaye mara nyingi hujifunza Kiswahili darasani na vitabuni, huelekea kuteleza katika uteuzi wa maneno anapotafsiri kutoka Kirundi au Kifaransa. Mwanafunzi wa Muyinga, aliye karibu na mpaka wa Kobero na anayekisikia Kiswahili sokoni, huelekea kuchukua neno la sokoni na kuliingiza katika maandishi rasmi. Wote wawili wajiulize swali moja kabla ya kuandika: mzazi akilisoma neno hili, atamwonaje mwanawe?

5. Muhtasari

Tumeona kwamba "ubwenge" hauna tafsiri moja katika Kiswahili. Werevu husifu, ujanja husifu au hushuku kulingana na muktadha, na hila hulaumu. Tumeona pia kwamba asili ya neno hueleza historia yake na mara nyingine tabia yake ya kisarufi, lakini haimlazimishi msikilizaji wa leo. Yule mwalimu mwanafunzi wa Muyinga alimwomba radhi mzazi, akaandika karatasi nyingine: "Mtoto huyu ni mwerevu na hodari wa hesabu." Mzazi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mazoezi

1. Eleza mabadiliko ya sauti yaliyotokea katika maneno yafuatayo: mwema, wepesi (watu), werevu (sifa).

2. Sahihisha: (a) Werevu wake wamemwokoa mtoto huyo, nasi tunausifu. (b) Akili wangu umechoka. (c) Walimu wahodari wamefika.

3. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha pamoja na nyingine ndogo, akasema kubwa imezaa. Mwenyewe akafurahi, akazipokea zote mbili. Abunuwasi alipoazima tena, hakurudisha. Alisema sufuria imekufa. Je, alitenda kwa werevu, kwa ujanja au kwa hila? Na mwenye sufuria je? Tetea majibu yako kwa aya moja.

4. Chagua wanafunzi watatu uliowafundisha katika mazoezi. Bila kutaja majina yao, andika maoni ya sentensi moja juu ya kila mmoja. Kisha badilishana na mwenzako, naye asome kama mzazi.