Siku ya Kuacha Unga Haitoshi: Maswali na Majibu Kuhusu Sera ya Uraibu

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar na mikoa mingine. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kabla ya huduma kufika Malindi na Mombasa. Miaka yote hiyo imepita, na bado watu wanabishana majumbani, kwenye nyumba za ibada na bungeni: tuwafunge, tuwaombee, tuwape dawa, au tuwaache? Haya ni maswali ambayo tabibu wa uraibu huulizwa mara kwa mara na wazazi, viongozi wa mitaa na wapanga bajeti.

Daktari, tulimfungia mwanangu ndani mpaka arosto ikaisha. Akanenepa, akaanza hata kuswali. Mwezi haukuisha, karudi kijiweni. Tulikosea wapi?

Mama yangu, hamkufanya kwa ubaya. Arosto ya heroini, yaani maumivu ya viungo, kuhara, kutapika na kukesha, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na kupungua sana ndani ya wiki moja hivi. Hamu ya unga haiondoki nayo. Inaweza kudumu miezi, hata miaka, na huamka mtu akipita maskani aliyoyazoea au akikutana na aliokuwa akivuta nao.

Kuna hatari nyingine ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Mtu akikaa wiki chache bila unga, mwili hupoteza uzoefu wake. Akirudia kiasi kilekile cha zamani, kinaweza kuzima pumzi yake. Kwa hiyo mtoto anapotoka ndani akiwa safi, hapo ndipo anapohitaji ulinzi zaidi. Sera yoyote inayohesabu siku ya kuacha kama ushindi, kisha ikafunga faili, inamwacha mtu peke yake katika kipindi kibaya kuliko vyote.

Lakini methadoni nayo ni ya jamii ileile. Si ni kumtoa kwenye unga mmoja na kumwingiza kwenye mwingine?

Ni kweli methadoni ni ya jamii ya afyuni, na mwili hutegemea methadoni pia. Tofauti iko kwenye mwenendo wake. Heroini hupanda haraka na kushuka baada ya saa chache, ndiyo maana mraibu hutafuta kete asubuhi, mchana na usiku, na kutafuta huko ndiko kunakozaa wizi, ugomvi na sindano za kuazimana. Methadoni ya kunywa hupanda polepole na kumshikilia mtu siku nzima. Dozi ikipimwa vizuri hapati stimu wala arosto, na anaweza kwenda kwenye shughuli zake.

Ukifika kituoni utaona mgonjwa anapewa dawa ya maji kwenye kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, kisha anaongea kidogo ili ihakikishwe amemeza. Kazi hii inahitaji umakini. Dozi ya kuanzia huwa ndogo na hupandishwa taratibu, kwa sababu methadoni ikipandishwa kwa pupa nayo inaua. Mgonjwa akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, mwili wake huchoma methadoni upesi na arosto hurudi. Asipoulizwa, ataonekana mkaidi aliyerudia unga kwa makusudi. Wahudumu wa kifua kikuu na wa methadoni wasipozungumza, mgonjwa hupotea baina yao.

Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya tiba kama hiyo, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Ufaransa iliporuhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini kuanzia 1995, vifo vya kuzidisha dozi vilishuka kwa karibu asilimia 80 kufikia 1999. Hakuna jambo lingine katika fani hii lenye ushahidi mzito kama huo.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Wananchi wananidai ulinzi. Kwa nini polisi wasiwazoe wote?

Mwenyekiti, madai ya wananchi wako ni ya haki, na wasafirishaji wakubwa wanastahili mkono wa dola. Desemba 2023 mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti dawa za kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini. Shehena kama hiyo isipozuiwa, vijiwe hujaa.

Kumzoa mtumiaji ni jambo jingine. Gerezani arosto itaisha na uzoefu wa mwili utapotea, kisha siku moja lango litafunguliwa. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uligundua kuwa katika wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa zaidi ya mara 100 kuliko ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kama mtu lazima afungwe, basi tiba imfuate huko. Kenya imekwisha kufungua kliniki ya methadoni katika Gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, na njia hiyo ifuatwe kwingine.

Hata ukamataji mzuri wa shehena unahitaji kliniki iliyo tayari. Marekani ilipobana vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni bila kupanua matibabu ya kutosha, wengi walihamia heroini, na baadaye fentanili ikaingia sokoni. Ilipofika 2021, vifo vya kuzidisha dawa za aina zote vilipita 100,000 kwa mwaka.

Basi tufuate Ureno, tuondoe kosa la jinai kwa mtumiaji?

Tuiangalie Ureno nzima. Tangu Julai 2001 mtu anayekutwa na kiasi cha matumizi yake hapelekwi mahakamani. Anaitwa mbele ya jopo linaloweza kumwelekeza kwenye matibabu. Uuzaji umebaki kuwa jinai. Mageuzi yale yalienda sambamba na upanuzi wa tiba, na vifo pamoja na maambukizi ya VVU kwa wanaojidunga vikapungua.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilipigia kura jambo linalofanana mwaka 2020. Aliyekutwa na dawa alitozwa faini ndogo, ambayo ingefutwa akipiga simu kwa uchunguzi wa afya. Wachache mno walipiga, na fedha za tiba zilichelewa kufika. Mwaka 2024 wabunge wakarudisha adhabu ya jinai. Funzo ninalolichukua ni la mpangilio: jenga mlango wa tiba kwanza, halafu mwondoe mtu kwenye mlango wa mahabusu. Naunga mkono kutomfunga mtumiaji, lakini pawepo mahali pa kumpeleka siku hiyohiyo.

Nyumba za upataji nafuu na dini zina nafasi gani?

Kubwa. Soba house za Zanzibar, yaani nyumba za aina hiyo, zilianza mwaka 2009, zikiendeshwa na watu waliopitia unga wenyewe. Zinatoa kitu ambacho kikombe cha dawa hakitoi: ratiba, wenzako na heshima. Msikiti na kanisa huweza kumrudisha mtu kwa familia iliyokwisha kumkatia tamaa.

Naomba mambo machache tu. Nyumba hizo zisimfukuze anayetumia methadoni kwa hoja kwamba hajawa safi. Na pasiwe na minyororo wala viboko. Serikali izisajili na kuzikagua. Kadhalika, vituo vya methadoni vipange saa za kutoa dozi mwezi wa Ramadhani, ili aliyefunga asilazimike kuchagua kati ya saumu na tiba.

Kugawa sindano safi si kuhalalisha?

Kwa miaka mingi tafiti za Dar es Salaam zilikuta takriban theluthi ya wanaojidunga wanaishi na VVU, wakati kwa watu wazima wote nchini kiwango kilikuwa karibu asilimia 5. Virusi hivyo havibaki kijiweni. Vinafika kwa wake, waume na watoto. Sindano safi huzuia maambukizi, na anayezigawa mara nyingi ndiye mhudumu wa afya wa kwanza ambaye mraibu huyo amezungumza naye.

Ongeza naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha dozi ndani ya dakika chache. Nguvu yake huisha mapema kuliko ya baadhi ya dawa alizotumia mgonjwa, kwa hiyo lazima afikishwe hospitali. Waliozoea kukaa na mraibu, yaani ndugu, wenzake na polisi jamii, ndio wafundishwe kuitumia, kwa kuwa daktari hawi pale pumzi inapokatika.

Fedha ni chache. Tuanze na nini?

Tuanze na ukaribu. Mgonjwa anayepanda daladala mbili kila siku, mwaka mzima, kwa ajili ya kikombe kimoja ataacha tiba siku nauli itakapokosekana. Wanawake ni wachache mno kwenye foleni hizi. Wengi wana watoto wa kuacha na aibu kubwa zaidi ya kuonekana. Dozi zishuke kwenye vituo vya afya vya kata, na waliotengemaa wapewe za kwenda nazo nyumbani. Marekani ililegeza masharti ya dozi za nyumbani Machi 2020 wakati wa UVIKO-19, na mwaka 2024 ikaufanya ulegezaji huo kuwa wa kudumu.

Pili, methadoni iingie kwenye bajeti zetu wenyewe. Huduma hizi zilijengwa kwa msaada mkubwa wa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na Januari 2025 tuliona misaada ya nje ya Marekani ikisimamishwa ghafla. Dawa inayonywewa kila siku haiwezi kungoja uamuzi wa Washington.

Diwani au mbunge wako akija kujisifu kwamba vijana kadhaa wameacha unga, mpongeze, kisha muulize: walioanza tiba mwaka jana, wangapi bado wako hai na bado wanahudhuria? Jibu la swali hilo ndilo lipangiwe fedha.